Kila Aliyeshuka Alikuwa na Lake

Wa kwanza kushuka alivua glavu, akaanza kukunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, huku akitazama pembeni. Wa pili alikuwa akicheka ndani ya kofia. Tuliona mabega tu yakitikisika. Wa tatu, dada mmoja aliyewahi kushindana miaka ya nyuma, hakumsemesha mtu. Alichuchumaa nyuma ya pikipiki, akapitisha kidole gumba ukingoni mwa tairi, pale mpira unapojisokota vipele vidogovidogo kwa joto, akabonyeza kimojawapo, akanyanyuka na kwenda zake kunywa maji.

Ilikuwa siku ya majaribio uwanjani. Pikipiki moja ya mbio, waendeshaji tunapokezana, kila mtu mizunguko michache. Presha ya tairi inapimwa kila mtu akishuka, mafuta yakipungua yanaongezwa. Mashine yenyewe sitaitaja. Ni silinda nne, cc 1000 kasoro kidogo, nguvu za farasi takriban 200, kilo 200 hivi ikiwa na mafuta. Wenye kujua wataikisia, na wakikosea hakuna kitakachoharibika.

Nilikuwa naandika maoni yao kwenye simu kadiri walivyokuja.

"Springi ngumu, inanirusha," alisema mwepesi kuliko wote kati yetu. "Mbele laini mno, ukigusa breki inazama," alisema mwenye mwili mkubwa kuliko wote. Huyohuyo akaongeza kwamba inaingia kona kabla hujaiambia. Yule mwepesi alikuwa ameshalalamika kwamba ni nzito kugeuza, lazima uilazimishe.

Hakuna aliyekuwa amegusa skrubu hata moja.

## Saa ilisema vingine

Pembeni palikuwa na saa. Hatukuwa tunashindana, lakini ukiwaweka waendeshaji pamoja na saa ikawepo, itaangaliwa tu.

Dada yule ndiye aliyezunguka haraka kuliko sote, na kwa tofauti kubwa. Nilipomuuliza mashine ikoje, alifikiri kidogo akasema, "Nilitegemea iwe na nguvu zaidi." Aliyezunguka polepole kuliko sote alishuka uso umembadilika. "Kaka, hiki kitu kitaua mtu."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Ungewaona nyuso usingebisha.

Ningeweza kuliacha hapo, nikasema watu hutofautiana, nikaendelea na mambo yangu. Lakini lilinikaa kichwani wiki baada ya wiki, kwa sababu na mimi huandika maoni ya namna hii, na wapo wanaoyasoma kabla ya kutoa pesa zao. Watu wazima wenye uzoefu wameshuka kwenye mashine moja, siku moja, lami ileile, na kila mmoja kaja na habari inayompinga mwenzake. Sasa hayo tunayoyaita maoni kuhusu pikipiki, ni maoni kuhusu nini hasa?

## Springi na mwili

Nilianza na lile lililokuwa rahisi kulichimba.

Ukipanda pikipiki, springi zinabonyea kabla hujaondoka. Mafundi wa mbio huanzia hapohapo: wanapima mashine imeshuka milimita ngapi mwendeshaji akiwa juu na mavazi yake yote, na kwa pikipiki ya aina hii itakayotumika barabarani hulenga kati ya milimita 30 na 40. Kiwandani hawakujui. Wanachagua springi kwa mtu wa kufikirika, wa uzito wa kati, kama suruali ya dukani iliyokatwa kwa kiuno ambacho si cha mtu yeyote.

Sasa mpandishe mtu mwepesi. Springi haibonyei vya kutosha, kila kimwinuko cha lami kinamfikia mgongoni. Ataita ngumu. Mpandishe mzito: sehemu kubwa ya safari ya shokapu imeshaliwa kabla hajagusa breki, na akiigusa, pua ya pikipiki inaporomoka. Ataita laini.

Hadi hapo hakuna la ajabu. Lililonifurahisha ni lile la kona, kwa sababu nilidhani ni suala la ladha, kumbe ni jiometri. Pua ikishuka, shokapu za mbele zinasimama wima zaidi, na umbali kati ya pale mstari wa usukani ungegusa ardhi na pale tairi inapoigusa kweli unapungua. Umbali huo ndio unaoipa pikipiki utulivu. Ukipungua, usukani unakuwa mwepesi na mashine inageuka upesi. Kwa hiyo mzito alipokuwa anaingia kona huku breki bado imeshikwa, alikuwa anaendesha pikipiki yenye jiometri kali kuliko ile ya mwepesi, ambaye pua yake ilibaki juu.

Walipanda mashine mbili tofauti zenye namba moja ya chesi.

Na viganja je? Yule wa kwanza, aliyekuwa akikunjua vidole, alisema mkao ni mbaya, hauvumiliki. Dada hakuutaja mkao kabisa. Mikono ya usukani ya pikipiki hizi iko chini, kwa hiyo ukienda polepole kifua chako chote kinaegemea viganja. Ukienda kasi, upepo unaanza kukisukuma kifua juu, na kwenye mwendo wa uwanjani viganja vinabaki na kazi ya kushika tu. Anayeibembeleza mashine ndiye inayemuumiza. Mwenye kuikimbiza inambeba.

Tena kuna magoti. Anayebana tangi kwa magoti wakati wa breki anauondoa uzito mikononi; asiyebana, kila breki inamtupa juu ya viganja vyake. Wa kwanza hakuwa akibana. Nilimwona, alipita mbele yetu na goti limeachia nafasi ya kupitisha mkono.

## Swali la Wilbur Wright

Kabla ya kuruka mwaka 1903, Wilbur Wright na mdogo wake Orville walikuwa watengenezaji wa baiskeli. Wilbur alisimulia kwamba alikuwa akiwauliza waendesha baiskeli wanapindaje kushoto, na kati ya wengi aliowauliza hakumpata hata mmoja aliyeeleza kila kitu sawasawa kwa jibu lake la kwanza. Wote walikuwa wakipinda kushoto kila siku bila shida. Walichokuwa hawajui ni kwamba, ili baiskeli ilale kushoto, lazima kwanza usukani uende kulia kidogo.

Pikipiki ni hivyohivyo, ila nguvu yake ni kubwa zaidi. Unasukuma mkono wa kushoto mbele, mashine inalala kushoto. Kwenye kilomita 30 kwa saa unaweza kuendesha maisha yako yote usilitambue hilo. Kwenye 150, gurudumu linazunguka kwa nguvu na pikipiki inashikilia njia yake. Usiposukuma makusudi, haipindi.

Nilikumbuka kisa hicho kwa sababu ya mmoja wetu aliyeapa kwamba yeye hapindi kwa mikono, anapinda kwa kuegemeza mwili. "Mimi naiangalia tu kona, inakwenda." Anapinda vizuri kweli, nimemfuata nyuma mara nyingi. Lakini anachokifanya na anachosema anafanya ni vitu viwili. Akisema pikipiki fulani "inasoma mawazo", anachosifu ni mikono yake mwenyewe bila kujua.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi na daftari langu la zamani. Nimejaza humo sifa za mashine nyingi, na sina njia ya kujua zipi ni za mashine.

## Kasi isiyo na kishindo

Turudi kwa dada aliyesema haina nguvu.

Hesabu zinamkatalia. Mwaka 1969 Kawasaki walitoa H1, silinda tatu za mipigo miwili, cc 500, nguvu za farasi 60. Ile ndiyo iliyopata sifa ya kuwatisha watu mpaka leo wazee wa pikipiki wakiitaja wanatikisa kichwa. Miaka 29 baadaye Yamaha wakatoa R1 ya kwanza: farasi 150, kilo 177 bila mafuta wala vimiminika vingine. Leo farasi 200 na zaidi ni kawaida ya daraja hili la cc 1000. Honda ya mwaka 2020, CBR1000RR-R, inatoa nguvu zake za juu kabisa injini ikizunguka mara 14,500 kwa dakika.

Sasa farasi 60 zitishe, na 200 zionekane pungufu?

Mwili wa binadamu hauna kipimo cha kasi. Ukiwa ndani ya ndege umefumba macho hujui kama unaenda 300 au 900. Unachohisi ni mabadiliko ya kasi, na kinachokushtua ni mabadiliko hayo yanapokuja kwa ghafla. H1 ilikuwa na nguvu kidogo chini, halafu injini ikifika mzunguko fulani zote zinamwagika kwa mpigo, juu ya fremu na breki ambazo hazikuandaliwa kwa tukio hilo. Mashine ya leo inatoa nguvu kwa mstari ulionyooka. Hakuna mahali inapokusukuma ghafla, kwa hiyo hakuna mahali mwili unapopiga kengele.

Na imefanywa makusudi. Kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kwenye injini nyingi za silinda nne huwasha silinda kwa kupishana sawasawa, kila nyuzi 180. R1 ya mwaka 2009 ilikuja na kranki nyingine, wazo lililotoka kwenye pikipiki yao ya mashindano, inayowasha kwa mfuatano wa 270, 180, 90, 180. Nguvu za juu hazikuwa shabaha. Walitaka kupunguza ule mvutano unaoletwa na pistoni zenyewe zikipanda na kushuka, ili mkono wa mwendeshaji usikie kilichosalia: msukumo wa mafuta yanayowaka, na tairi ya nyuma inavyoupokea. Sauti yake ni ya mkwaruzo, nzito, kana kwamba inazunguka polepole. Ukiisikiliza bila kutazama dashibodi utasema bado haijaanza kazi.

Halafu kuna kioo. Ukilala nyuma ya kile kioo kidogo, upepo unakupita juu ya kofia na dunia inanyamaza. Gia ya kwanza peke yake, kwenye mashine nyingi za daraja hili, inavuka kilomita 130 kwa saa. Kwenye 100 unapita mita 28 kila sekunde. Kwenye 200, karibu 56. Hakuna chochote mwilini mwako kinachokueleza tofauti ya namba hizo mbili, isipokuwa kona ijayo inavyokuja.

Dada alikuwa hatazami mahali anapotazama mwenzetu aliyeogopa. Huyu alikuwa anatazama lami mita chache mbele ya gurudumu, na lami inayopita hapo ni ukungu. Dada alikuwa ameshafika kwa macho kwenye mwisho wa kona, na huko mbali vitu husogea taratibu. Sikulibuni hili. Niliwauliza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, swali moja tu: ulikuwa unaangalia wapi?

## Taa ya njano

Zamu yangu ilikuwa na jambo ambalo nimelizungusha kichwani kuliko yote.

Kuna kona ndefu ya kulia, inayofunguka mwishoni. Nilikuwa gia ya tatu. Nilifungua mafuta mapema kidogo kuliko mzunguko uliotangulia, mashine bado imelala. Sauti ya injini ikakatika-katika, muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na taa ndogo ya njano pembeni mwa dashibodi ikameta. Pikipiki ikaendelea kwa mstari uleule. Kiti hakikuteleza, mgongo haukusikia kitu. Nikaingia sehemu iliyonyooka nikijiona bingwa.

Nilipolala usiku nikaanza kujiuliza. Kona ile niliipita, au nilipitishwa?

Karibu pikipiki zote za daraja hili sasa, mkono wa mafuta hauvuti waya wowote hadi kwenye injini. Unapeleka ombi kwa kompyuta, na kompyuta inaamua itoe kiasi gani. BMW walipoingia daraja hili na S1000RR mwaka 2009, walileta breki za ABS, zisizoacha gurudumu lijifunge, na mfumo wa kuzuia tairi ya nyuma kuteleza kwenye mashine ya mbio ya kununuliwa na mtu yeyote. R1 ya mwaka 2015 ikaongeza kifaa kinachopima mwendo na mzunguko wa mashine katika mielekeo 6, kwa hiyo kompyuta inajua umelala kiasi gani, unapinda kwa kasi gani, pua inanyanyuka au inashuka, na inapiga hesabu hizo upya zaidi ya mara 100 kila sekunde. Tairi ya nyuma ikianza kuzunguka kuliko inavyostahili kwa mlalo ule, moto unakatwa kidogo. Kidogo tu, kiasi cha sauti kukwaruza.

Karibu kila aliyeshuka siku ile alisema mashine "inakupa kujiamini". Nami niliandika hivyohivyo kwenye simu. Baadaye nikawa nayasoma maneno hayo kwa shaka. Kujiamini kwa kitu gani? Mfumo ule unapunguza nguvu kwa tairi ya nyuma. Hauongezi hata chembe ya mshiko wa lami. Ukiingia kona kwa kasi isiyoingilika, tairi ya mbele ikakata tamaa, hakuna mafuta ya kupunguza. Umeshaachia mafuta zamani. Tairi zikiwa baridi, kompyuta haijui kuzipasha. Na anayezoea kufungua mafuta bila kusikia matokeo yake, atapanda pikipiki ya zamani ya rafiki yake siku moja akiwa na mkono uleule.

Nilimpigia dada nikamwaga yote hayo. Nilitegemea aniunge mkono, kwa kuwa amejifunza enzi zisizo na kompyuta.

"Tairi ulizitengeneza wewe?" aliniuliza.

Nikanyamaza.

"Breki je? Kama tatizo ni kupitishwa, unapitishwa na kila kitu hapo. Mimi niliuweka mfumo kiwango cha chini kabisa kabla ya kuzima, wewe uliuacha ulivyoukuta. Ukikwaruza, mimi nasikia. Nikisikia, najua mshiko umeishia wapi, na mzunguko unaofuata nafungua baadaye kidogo au nainyanyua mashine mapema. Taa ile ni habari. Wewe umeifanya sifa."

Sikubaliani naye kwa yote. Tairi huanza kukuonya kabla haijaachia, wakati taa huja jambo likiwa limeshatokea na kumalizwa. Lakini kuhusu habari na sifa amenishinda. Mfumo uleule, kwa mmoja ni mwalimu na kwa mwingine ni pazia, na kinachotenganisha ni kiwango kilichochaguliwa kwenye menyu na kama mtu anasikiliza. Maoni mangapi ya majaribio umewahi kusoma yakataja mifumo ilikuwa kiwango gani? Mimi nimesoma machache mno.

## Vidole viwili

Kuhusu breki nitasema kwa uhakika zaidi.

Mashine hizi nyingi zina diski mbili mbele, za milimita 320 au karibu na hapo. Kwa vidole viwili unasimamisha kilo zote hizo pamoja na zako. Fremu ni fupi, magurudumu yako mita 1.4 hivi kutoka moja hadi jingine, na uzito uko juu. Kwa hiyo kwenye lami kavu, tairi zikiwa na joto, kinachokuja kwanza mara nyingi si tairi ya mbele kuteleza. Ni ya nyuma kunyanyuka. Ukivuta sawasawa hadi kikomo hicho, kutoka kilomita 100 kwa saa utasimama kwa mita 40 hivi. Kutoka 200 ni karibu mita 160, kwa kuwa mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaongezeka mara nne. Watu wengi hudhani ni mara mbili. Ukikaa nyuma ya uzio ukawatazama wakiingia kona ya mwisho, unamjua aliyedhani hivyo.

Ninachopenda kwenye breki ni kwamba zinasema ukweli hata kwa mwendo mdogo. Ule mguso wa kwanza, kabla pedi hazijabana sawasawa, unauhisi kwenye kilomita 40 sawa na kwenye 140. Je, zinauma ghafla au zinaingia taratibu? Ukilegeza, zinaachia kidogokidogo au zinaruka? Kulegeza ndiko kwenye kazi, kwa sababu unalegeza huku unapinda. Hilo huhitaji uwanja kulijua, wala huhitaji kuwa hodari. Siku ile maoni yetu kuhusu breki yalikaribiana kuliko maoni mengine yote, isipokuwa ya mmoja aliyesema hazishiki. Alikuwa akitumia kidole kimoja.

## Skrubu iliyogeuzwa

Mchana dada alimwita fundi pembeni, akamnong'oneza. Fundi akachukua bisibisi, akageuza skrubu ya juu ya shokapu za mbele, mbofyo mmoja kila upande, halafu mwingine. Ile ni skrubu ya kuongoza springi inarudi juu kwa kasi gani baada ya kubonyea. Hatukuambiwa.

Aliyefuata kupanda alikuwa yule mwenye mwili mkubwa. Aliporudi hakuwa ameshazima injini. "Mmefanya nini mbele?"

Fundi akajifanya anatafuta kitambaa.

"Katikati ya kona ilikuwa inanipandia, sasa imetulia. Mmefanya kitu."

Nilikiri moyoni kwamba nilikuwa nimeanza kumdharau, huyu aliyesema laini, akasema inaingia yenyewe. Kumbe anasikia. Anasikia mibofyo miwili, kitu ambacho mimi nilipopanda tena sikukitambua hadi nilipoambiwa, na hata baada ya kuambiwa sina hakika. Alichokosa asubuhi ni cha kulinganisha. Mtu anayeshuka mara ya kwanza analinganisha mashine na ile aliyoiacha nyumbani, na ndiyo maana aliyekuja na pikipiki ya safari, ndefu na iliyotulia, alisema hii ina wazimu, na aliyekuja na cc 600 akasema ni nzito. Huyu mara ya pili alikuwa anailinganisha na yenyewe.

Dada naye, ukiacha lile la nguvu, siku nzima hakutoa sentensi nyingine ya jumla. Nikipitia maandishi yangu, yake ni haya: mbele inawahi mno kurudi juu breki ikiachiwa, gia ya pili fupi kwa kona ya kulia, ya tatu ndefu, tairi ya nyuma inapata joto upande mmoja kuliko mwingine. Hakuna "tamu", hakuna "kali". Ukimpa fundi maneno yale anajua ashike bisibisi gani. Ukimpa yangu ya asubuhi, angekushukuru tu.

## Anayetaka kununua

Rafiki yangu mmoja alikuwa ananisubiri nimwambie achukue au asichukue mashine ile. Alikuwa amepangiwa kuijaribu barabarani, nusu saa, muuzaji akimfuata nyuma. Alitaka nimpe orodha ya mambo ya kusikiliza akiwa kwenye mwendo.

Nilimwambia kwenye mwendo hatasikia kitu. Nusu saa barabarani kwa mwendo wa sheria hataimaliza hata gia ya kwanza, na akijaribu zaidi ya hapo hatarudi na maoni, atarudi na hofu au na majigambo, akirudi. Aiendeshe polepole. Ageuze kurudi alikotoka kwa mkato mmoja, kushoto na kulia. Asimame kwenye jua injini ikinguruma mpaka feni ya rejeta iwake, aone joto linapita wapi. Aguse breki kwa kilomita 40 na kuzilegeza taratibu. Apande na koti lake na kofia yake mwenyewe, si za kuazima. Na kabla ya yote awaombe wampimie springi kwa uzito wake, wakikataa aondoke.

"Sasa nitajuaje kama ina kasi?"

"Ina kasi, ndugu yangu. Hilo wamekuandikia kwenye karatasi."

Alinipigia jioni ileile. Alizungumza muda mrefu bila kupumua. Usukani hauzunguki vya kutosha, na ukiuzungusha mpaka mwisho kushoto kidole gumba kinabanwa kati ya mkono wa usukani na tangi. Joto linatokea paja la kulia, chini ya goti hapana. Klachi nyepesi. Breki anazipenda, hasa zinavyoachia. Kiti anakichukia. Kuondoka kwenye taa kunahitaji kuisugua klachi kwa sababu gia ya kwanza ni ndefu, na kwenye mlima ataona taabu. Springi walimpimia; zilikuwa zinamshusha milimita nyingi kuliko inavyotakiwa, wakakaza, na anasema alipoondoka baada ya hapo ilikuwa inapinda kivingine kabisa.

Nikamuuliza kama ataichukua.

Alisema anarudi kesho na mke wake, akae kiti cha nyuma, waone.